Moyo wa mama baada ya hedhi kukoma: historia ya swali lililochelewa kuulizwa

Mama yangu ana miaka 56. Alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30, akastaafu kwa hiari, kisha akahama Morogoro kuja Dar es Salaam kumsaidia dada yangu kulea mtoto. Kule Morogoro alikuwa akitembea kwenda shuleni na kurudi kila siku, na Jumamosi ni shamba. Dar hatembei. Duka liko getini, bodaboda iko mlangoni, mjukuu yuko mapajani. Haukuisha mwaka presha ikaanza kupanda. Kliniki akapewa ushauri ambao nawe bila shaka umewahi kuusikia: “Mama, fanya mazoezi, ni mazuri kwa moyo.”

Jioni akanipigia simu. Nilitegemea aniulize mazoezi gani. Badala yake akaniuliza hivi: “Hao waliosema mazoezi yanasaidia moyo, walimpima nani? Walipima mwanamke aliyekoma hedhi kama mimi, au walipima vijana wenu wa mpira?”

Nina shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na bado nilibaki nimeshika simu sina jibu. Nikamwambia, “Mama, nipe wiki moja.” Nilichokikuta ndani ya wiki ile ndicho ninachotaka tukipitie pamoja. Swali la mama lilikuwa zuri kuliko alivyojua. Kwa miaka mingi jibu lake la kweli lilikuwa hili: hapana mama, hawakukupima wewe.

Dereva na konda wake

Tuanzie London mwaka 1953, ndani ya basi la ghorofa. Daktari mmoja aitwaye Jerry Morris alikuwa na swali ambalo kila abiria wa daladala angelielewa: dereva na konda wanafanya kazi gari moja, njia moja, saa zilezile. Je, mioyo yao iko sawa?

Morris na wenzake waliangalia kumbukumbu za wafanyakazi wapatao 31,000 wa usafiri wa London, wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Dereva alikuwa amekaa karibu zamu nzima. Konda alikuwa akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi, ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku ya kazi. Makonda walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kidogo kuliko madereva, na walioupata walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufa nao mapema. Utafiti huo ndio unaotajwa hadi leo kama mwanzo wa sayansi ya mazoezi na moyo.

Lakini una mambo mawili ya kukumbuka, maana yote mawili yatarudi. La kwanza: wale 31,000 wote walikuwa wanaume.

La pili ni suruali. Mwaka 1956 Morris mwenyewe alirudi na makala nyingine kuhusu sare za wafanyakazi walewale. Alipoangalia vipimo vya viuno vya suruali, akakuta kwamba madereva walikuwa wanene kuliko makonda tangu siku walipoajiriwa. Sasa je, ni kazi iliyowaokoa makonda, au watu wenye miili mizuri ndio waliochagua kazi ya ukonda? Heshima kwake: alijitilia shaka mwenyewe hadharani. Shika hilo swali la suruali.

“Na wanawake na watoto wachache”

Baada ya London tafiti zikafuatana. Ralph Paffenbarger akawafuatilia wapakuzi wa meli bandarini San Francisco, kisha wahitimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, wapatao 17,000. Wote wanaume. Miaka ya 1970 Marekani ikaanzisha jaribio kubwa la kupunguza vihatarishi vya moyo, likifahamika kama MRFIT: washiriki 12,866, mwanamke hata mmoja hakuna. Jaribio maarufu la aspirini na moyo, lililotoa matokeo mwishoni mwa miaka ya 1980, lilitumia madaktari 22,071. Wanaume watupu.

Usidhani hili ni la Ulaya na Marekani tu. Mapema miaka ya 1960 daktari Mmarekani George Mann alikuja hapa kwetu, Tanganyika, kuwapima Wamasai. Alitaka kujua inakuwaje watu wanaokunywa maziwa na kula nyama kwa wingi wasionekane kuwa na ugonjwa wa moyo. Alipima wanaume wapatao 400. Wanawake na watoto wametajwa, ndiyo, lakini kama nyongeza. Baadaye timu yake iliwapandisha Wamasai kwenye mashine ya kukimbilia na kukuta uwezo mkubwa sana wa mwili, ikapendekeza kwamba huenda kutembea kwingi ndiko kunakowalinda. Mwaka 1972 ikachapisha uchunguzi wa mioyo ya Wamasai 50 waliofariki. Mafuta yalikuwepo kwenye mishipa yao ya moyo, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana. Hao 50 nao walikuwa wanaume.

Nilipofika hapo nilicheka kidogo, halafu nikanuna. Mwanamke wa Kimasai anajenga nyumba, anachota maji, anatafuta kuni, anatembea pengine kuliko mumewe. Watu wamekuja kutoka Marekani kutafiti kutembea na moyo, naye akawa nyongeza.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Sababu moja ni ya kweli: mshtuko wa moyo huwapata wanaume mapema zaidi, na mwanamke kwa kawaida huchelewa kama miaka 10 hivi. Mwanaume wa miaka 50 aliyeanguka ghafla kazini alionekana. Mwanamke wa miaka 68 aliyefia nyumbani aliambiwa ni uzee. Mwaka 1964 chama cha moyo cha Marekani kiliandaa mkutano wa wanawake jimboni Oregon. Unajua uliitwaje? “Mioyo na Waume.” Wanawake walialikwa kufundishwa namna ya kutunza mioyo ya waume zao.

Sababu nyingine ilikuwa hofu ya ujauzito. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo uliowaondoa wanawake wanaoweza kushika mimba kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Ni hofu inayoeleweka, baada ya watoto kuzaliwa na ulemavu kutokana na dawa ya thalidomaidi. Lakini hebu fikiri: mwanamke aliyekoma hedhi hashiki mimba. Hofu hiyo haimhusu kabisa. Yeye kisingizio chake kilikuwa nini?

Kwenye mazoezi kulikuwa na kizuizi cha tatu. Mwaka 1928 kwenye Olimpiki ya Amsterdam wanawake walikimbia mita 800. Magazeti yakaandika kwamba walichoka vibaya mno, mbio hizo zikafutwa kwa wanawake, na hazikurudi hadi Rome mwaka 1960. Marathoni ya wanawake ilingoja hadi Los Angeles mwaka 1984. Kwa hiyo mwanamke aliyefikisha miaka 55 mwaka 1990 alikuwa amekua akiambiwa kwamba kukimbia kutamdhuru. Kumwambia ghafla “fanya mazoezi” ilikuwa kama kumwambia avunje mwiko.

Mji mmoja uliowahesabu

Kulikuwa na mahali pamoja walipofanya tofauti. Mwaka 1948, kwenye mji mdogo wa Framingham, Massachusetts, ulianza utafiti wa kufuatilia wakazi 5,209 kwa miaka mingi ili kuona nani ataugua moyo na kwa nini. Zaidi ya nusu, yaani 2,873, walikuwa wanawake. Ni utafiti huu uliotuzoesha kusema “vihatarishi”: presha, kolesteroli, sigara.

Mwaka 1976, baada ya miaka 24 ya ufuatiliaji, William Kannel na wenzake walichapisha walichokiona kwa wale wanawake. Miongoni mwa waliokuwa bado wanapata hedhi hakuna aliyepata mshtuko wa moyo wala kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Baada ya hedhi kukoma, ugonjwa ulipanda ghafla.

Huo ndio msingi wa kibaolojia wa makala hii, kwa hiyo tutulie hapo kidogo. Ovari zinapopunguza kazi, homoni ya estrojeni hushuka sana. Estrojeni haihusiki na uzazi peke yake. Inasaidia ngozi nyembamba iliyotandikwa ndani ya mishipa ya damu kutoa kemikali ya nitriki oksaidi, ambayo hulegeza mshipa ili damu ipite kwa urahisi. Ikipungua, mishipa huanza kukakamaa. Kolesteroli mbaya nayo hupanda, hasa katika kipindi kifupi kinachozunguka hedhi ya mwisho. Mafuta ambayo zamani yalikaa nyongani na mapajani huanza kuhamia tumboni. Uzee nao una mkono wake katika haya, na kutenganisha cha uzee na cha homoni si kazi rahisi. Lakini mwelekeo uko wazi: mama wa miaka 56 hana tena kinga aliyokuwa nayo akiwa na 40.

Jibu la kwanza lilikuwa kidonge

Kama tatizo ni estrojeni kupungua, si turudishe estrojeni? Ni wazo linaloingia akilini haraka.

Dawa yenyewe ilikuwepo. Tangu mwaka 1942 Marekani iliuza Premarin, estrojeni inayotokana na mkojo wa farasi wajawazito. Mwaka 1966 daktari Robert Wilson alitoa kitabu kilichouzwa sana, akidai kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu unaopaswa kutibiwa. Na kichekesho ni hiki: jaribio kubwa la kwanza la estrojeni kwa ajili ya moyo lilianza miaka hiyohiyo ya 1960, na wagonjwa waliopewa homoni hiyo ya kike walikuwa wanaume. Ilibidi vidonge hivyo visitishwe kwa sababu viliwadhuru.

Kwa wanawake, ushahidi ulitoka kwenye tafiti za ufuatiliaji. Mkubwa wao ulianza mwaka 1976: wauguzi 121,700 wa Marekani, wote wanawake, wakijaza fomu kila baada ya miaka miwili kuhusu chakula, dawa, hedhi na magonjwa. Mwaka 1985 timu ya wauguzi ilichapisha kwamba wanaotumia homoni wanapata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo sana kuliko wasiotumia. Ila katika jarida lilelile, toleo lilelile, timu ya Framingham ilichapisha kinyume chake: kwao homoni zilienda pamoja na hatari kubwa zaidi. Unafungua jarida moja, unakuta majibu mawili yanayotazamana kwa hasira.

Upande wa wauguzi ndio uliosikilizwa. Tafiti nyingine za ufuatiliaji ziliuunga mkono, na kufikia miaka ya 1990 Premarin ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoandikwa zaidi na madaktari wa Marekani. Wengi waliiandika wakiamini wanalinda moyo.

Unakumbuka suruali za madereva? Hapa ndipo zinarudi. Mwanamke wa Marekani aliyetumia homoni miaka ile kwa kawaida alikuwa na kipato zaidi, elimu zaidi, mwembamba zaidi, na alimwona daktari mara kwa mara. Sasa kilichomlinda ni kidonge, au ni maisha yake? Fomu peke yake haiwezi kukuambia kwa uhakika.

Mwanamke anaingia ofisini

Mwaka 1990 wakaguzi wa bunge la Marekani waliripoti kwamba Taasisi za Taifa za Afya, NIH, hazikuwa zikitekeleza sera yao wenyewe ya kuwaingiza wanawake kwenye tafiti. Mwaka 1991 NIH ikapata mkurugenzi wa kwanza mwanamke, daktari wa moyo Bernadine Healy. Mwaka huohuo aliandika tahariri kuhusu kile alichokiita ugonjwa wa Yentl, akichukua jina la msichana wa kwenye hadithi ya Isaac Bashevis Singer aliyejivika nguo za kiume ili aruhusiwe kusoma. Hoja yake: mwanamke hatibiwi moyo wake ipasavyo mpaka athibitishe kwamba anaumwa kama mwanaume.

Healy hakuishia kuandika. Chini yake NIH ilitangaza mradi mkubwa uliowalenga wanawake waliokoma hedhi: Women's Health Initiative, au WHI kwa kifupi. Ulikusanya wanawake 161,808 wenye umri wa miaka 50 hadi 79, kwenye vituo 40 vya Marekani. Rudi kwenye swali la mama yangu: walimpima nani? Hapa, kwa mara ya kwanza kwa ukubwa huo, jibu ni yeye. Umri wake, hali yake.

Mradi ulikuwa na sehemu mbili. Wanawake 68,132 waliingia kwenye majaribio, ambako kura ndiyo iliyoamua nani apate nini. Wengine 93,676 walifuatiliwa tu wakiishi maisha yao. Uzuri wa kura ni kwamba inamaliza ugomvi wa suruali: tajiri na maskini, mnene na mwembamba, wote wanagawanyika pande zote mbili. Tofauti inayobaki ni kidonge.

Julai na Septemba

Julai 2002, sehemu moja ya majaribio ilisitishwa kabla ya muda wake. Wanawake 16,608 walikuwa wamegawanywa kwa kura, nusu estrojeni pamoja na projestini, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya wastani wa miaka 5.2, waliokuwa kwenye homoni walikuwa na ugonjwa wa moyo zaidi, si pungufu. Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, kuliongezeka watu 7 wa ugonjwa wa mishipa ya moyo, 8 wa kiharusi, 8 wa damu kuganda mapafuni na 8 wa saratani ya matiti. Kulikuwa na faida pia: mivunjiko ya nyonga na saratani ya utumbo mpana vilipungua kidogo. Lakini kwa moyo, ahadi ya kidonge ilivunjika. Habari ilizunguka dunia nzima.

Tuwe waadilifu: wanawake wale walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi wakiwa mbali na hedhi yao ya mwisho. Mwanamke wa miaka 51 anayesumbuliwa na joto la ghafla usiku ni habari nyingine, na madaktari bado wanatumia homoni kwa ajili yake. Kilichoanguka ni lile wazo la kumpa kila mama homoni ili kulinda moyo.

Sasa ngoja. Septemba mwaka huohuo, mradi uleule wa WHI, ilitoka makala nyingine iliyoongozwa na JoAnn Manson. Safari hii hawakuuliza kuhusu kidonge. Waliangalia wanawake 73,743 waliokoma hedhi, ambao mwanzoni hawakuwa na ugonjwa wa moyo wala saratani, wakauliza: unatembea kiasi gani? Unafanya mazoezi makali kiasi gani? Unakaa saa ngapi kwa siku?

Wanawake waliotembea au kufanya mazoezi makali angalau saa 2 na nusu kwa wiki walikuwa na hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa iliyo pungufu kwa takriban asilimia 30. Na sikiliza hili: kutembea kulifanya kazi karibu sawa na mazoezi makali. Ilikuwa hivyo kwa weupe na weusi, kwa wembamba na wanene, kwa wa miaka 50 na wa miaka 70. Wanaokaa saa nyingi kwa siku walikuwa na hatari zaidi.

Miezi miwili tu ilitenganisha habari hizo mbili. Ile ya Julai inakumbukwa mpaka leo. Ya Septemba ilipita kimya kimya. Kidonge kikianguka ni habari kubwa, ila kutembea hakuna kampuni inayokuuzia.

Mama hakuridhika

Nilimpigia mama nikiwa na furaha, nikamsimulia yote. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: “Sasa mwanangu, si umesema ule wa kufuatilia bila kura ndio uliowadanganya kuhusu vidonge? Na huu wa kutembea si ni wa kufuatilia pia?”

Mwalimu ni mwalimu tu. Yuko sahihi. Makala ya Septemba ilitoka kwenye ile sehemu isiyo na kura. Anayetembea kila asubuhi huenda pia anakula mboga, havuti sigara, na ana miguu isiyouma. Suruali zilezile.

Basi kwa nini niamini matembezi wakati vidonge vilitudanganya? Nina sababu nne, nami nakuomba uzipime mwenyewe.

Kwanza, majibu hayagombani. Kwenye homoni, wauguzi na Framingham walitofautiana tangu mwaka 1985. Kwenye kutembea, tafiti kubwa zinasema lugha moja. Mwaka 1999 uchambuzi wa wauguzi 72,488 ulionyesha kwamba waliotembea kwa mwendo wa haraka saa 3 au zaidi kwa wiki walipata mshtuko na vifo vya moyo pungufu kwa asilimia 30 hadi 40. Mwaka 2001 utafiti mwingine ulioongozwa na I-Min Lee, wa wanawake 39,372 wenye miaka 45 na zaidi, ulikuta kwamba hata saa moja ya kutembea kwa wiki iliendana na hatari ndogo zaidi.

Pili, wanaoanza wakiwa wamechelewa nao wanafaidika. Katika ule wa wauguzi, waliokuwa hawafanyi mazoezi kisha wakaanza wakiwa watu wazima walikuwa na hatari ndogo kuliko waliobaki wamekaa. Hilo linapunguza nguvu ya hoja kwamba ni watu walioumbwa imara tu ndio wanaotembea.

Tatu, kura imepigwa pia, ingawa kwa swali dogo zaidi. Mwaka 2007 yalitoka matokeo ya jaribio liitwalo DREW la Dallas, Texas. Wanawake 464 waliokoma hedhi, wasiofanya mazoezi, wenye uzito mkubwa na presha iliyopanda kiasi, waligawanywa kwa kura makundi manne. Kundi moja liliendelea na maisha yake. Mengine matatu yalifanya mazoezi kwa miezi 6: wastani wa dakika kama 72, 136 au 192 kwa wiki. Uwezo wa moyo na mapafu kusafirisha oksijeni uliongezeka kwa asilimia 4.2, 6.0 na 8.2. Yaani kadiri unavyozidisha ndivyo unavyopata, na hata kundi la dakika 72, nusu tu ya kiwango kinachopendekezwa, lilipata kitu. DREW haikuhesabu mishtuko ya moyo, na presha ya washiriki haikushuka kwa kiasi cha kujivunia. Nakuambia hilo makusudi, kwa sababu mama anameza dawa za presha, na kutembea si ruhusa ya kuziacha.

Nne, tunajua njia inayopita. Unapotembea kwa haraka, damu inakimbia kwenye mishipa na kuisugua. Msuguo huo unaiambia ile ngozi ya ndani itoe nitriki oksaidi, kemikali ileile ambayo estrojeni ilikuwa ikisaidia kuitoa. Mazoezi hayarudishi estrojeni, na baadhi ya tafiti zinaonyesha mishipa ya wanawake waliokoma hedhi huitika taratibu kuliko ya wanaume wa umri wao. Lakini misuli inatumia sukari vizuri zaidi na moyo unasukuma damu bila kuhema sana. Dirisha moja limefungwa, mengine bado yanafunguka.

Na jambo la mwisho si ushahidi, ni hesabu ya kawaida. Kidonge kilipokosea, watu waliganda damu. Kutembea kukikosea, umepata hewa na umemwona jirani.

Kuhusu zile hatua 10,000

Pengine simu yako inakudai hatua 10,000 kila siku. Namba hiyo haikutoka maabara. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, maana yake kipima hatua 10,000. Lilikuwa jina zuri la biashara.

Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake waliwafunga vipima mwendo wanawake 16,741 wenye wastani wa miaka 72. Ikilinganishwa na waliotembea hatua kama 2,700 kwa siku, waliofikisha kama 4,400 walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 41 katika kipindi cha utafiti. Faida iliendelea kupanda hadi kama hatua 7,500, kisha ikatulia. Mwaka huohuo wanawake wazee kutoka WHI walivaa vipima mwendo pia, na hata shughuli nyepesi, zile za kuzunguka nyumbani na bustanini, ziliendana na ugonjwa mdogo wa moyo. Kwa hiyo mama anayefagia uwanja asidharauliwe. Ule ufagio unahesabika.

Tulichokubaliana

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli walau siku 2. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5. Mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Mama na mimi tulianza na dakika 15, alfajiri, kabla mjukuu hajaamka. Amevaa kanga yake na raba za dada. Kabla ya hapo alirudi kliniki kuuliza kama presha yake inaruhusu, na nakushauri umpeleke wa kwako vilevile, hasa kama ana maumivu ya kifua, anakosa pumzi akipanda ngazi au ana kisukari. Mfundishe pia dalili. Maumivu ya kifua bado ndiyo ya kwanza hata kwa wanawake, ila kwao mara nyingi huja na kukosa pumzi, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida, au maumivu ya mgongo na taya. Akisema “nahisi tu vibaya” na jasho la baridi linamtoka, usimpe chai ya tangawizi ukangoja asubuhi. Mpeleke hospitali.

Wiki iliyopita alifikisha nusu saa. Anatembea na mama mwingine wa mtaa, jirani ambaye naye hedhi ilikoma miaka michache iliyopita na alikuwa hajamwambia mtu. Wanaongea njia nzima. Mama ameshamweleza habari za madereva na makonda wa London, na jirani, nasikia, aliuliza swali moja tu: “Na wake zao je, nani aliwapima?”